Aluru Juu ya Mlingoti

Jumamosi, 18 Januari

Njiti ya kiberiti ikivunjika. Hivyo ndivyo ilivyosikika. Nilikuwa na miaka saba, nimesimama nyuma ya jiko hili hili, babu akimtoa ndege, aluru, kwenye kitanzi na kumvunja shingo kwa vidole viwili. Sauti ndogo, kavu. Nimesikia mengi tangu siku ile. Hiyo ndiyo iliyobaki.

Leo kama kawaida. Uji wa Baba, vidonge vya Baba, kisha kiti changu nyuma ya jikoni, darubini, daftari. Kiangazi kikali. Shore wawili kwenye mpapai, wakigombana. Chozi mmoja. Yangeyange wakipita juu kwenda ziwani. Mbayuwayu kwenye waya wa umeme, thelathini na kitu.

Baba alikaa kivulini akiniangalia mimi, si ndege. Mkono wake wa kulia umelala mapajani tangu kiharusi cha Novemba, kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa ashike. Kwa mkono huo alifundisha hesabu miaka thelathini. Likizo yangu inaisha mwanzoni mwa Julai, halafu narudi maktaba, Kisumu. Kabla ya hapo lazima aweze kushika kikombe na kufunga vifungo vyake. Ataishi hapa peke yake. Sitaki kingine mwaka huu.

Jumanne, 11 Februari

Dada wa mazoezi pale hospitali anasema mpira wa kubonyeza hautoshi. Nimtafutie kazi ya vidole anayoipenda. Baba hapendi chochote tangu tumzike mama.

Mama Awuor, jirani yetu, alipita akitoka kuuza samaki sokoni Kombewa. Alinikuta na darubini. "Mwalimu, huyu binti yako anahesabu ndege kama karani wa sensa. Si ahesabu wanaume?" Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi sikucheka.

Jioni Baba alisema neno moja. Matete.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imefika. Kumbikumbi walitoka ardhini asubuhi nzima na kila ndege wa hapa Seme alikuwa uani kwetu. Nilijaza kurasa mbili. Hata mwewe alishuka kula kumbikumbi kama kuku.

Baba anasuka. Matete nayakata mwenyewe kule mtoni. Siku ya tatu nilijua anachosuka: tenga la duara, kama boga, lenye mlango mdogo kando. Tenga la aluru. Babu alikuwa na sita. Unamtia dume ndani, unamtundika juu ya mlingoti, anaita alfajiri, na wenzake porini wanakuja kumjibu. Chini vitanzi vinawangoja.

Nilirudi mtoni kukata mengine. Kidole gumba kilisogea leo. Ningemkatia matete ya ziwa zima.

Jumapili, 6 Aprili

Mbayuwayu wameondoka. Waya mtupu. Keremkerem wamepita juu sana wakirudi kaskazini, nimewajua kwa sauti tu.

Na aluru wamekuja. Daftarini ninaandika tombo, kwa kuwa ndivyo nilivyosoma, ila hapa hakuna anayesema tombo. Nimewasikia kwenye nyasi kati ya mtama wetu na uzio wa minyaa. Baba aliuliza wako wapi hasa. Nikamchorea. Ramani nzuri, ukurasa mzima: mtama, kichuguu, nyasi ndefu, alama ya msalaba kila walipoitia. Alifuata misalaba kwa kidole cha mkono wa kulia, mmoja baada ya mwingine. Alinieleza dume anavyoita na jike anavyojibu. Saa nzima tulizungumza. Aliniita nyathina, mtoto wangu, kama zamani.

Nilikwenda kulala na furaha. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 5 Mei

Mama Awuor ameleta dume la aluru kutoka kwa kaka yake anayeishi Awasi. Alimbeba kwenye beseni la samaki, amefunika leso. Mumewe alisimamisha mlingoti. Baba alifunga vitanzi mwenyewe, vya nywele za mkia wa ng'ombe, mkono wa kushoto ukifunga na wa kulia ukishikilia. Kisha aliniomba daftari.

Vitanzi vimepangwa juu ya misalaba yangu. Kila mmoja.

Ijumaa, 30 Mei

Yule dume anaanza kuita kabla hakujapambazuka. Wit, wit-wit. Wenzake wanaitika kutoka nyasini. Ninalala nikihesabu wanaoitika. Zamani kuhesabu kulinituliza.

Jumamosi, 14 Juni

Wawili wamenaswa asubuhi hii. Wiki nzima kabla ya leo nilimwombea Baba mkono na nikawaombea ndege wasije. Maombi mawili, mtu mmoja.

Alikwenda mwenyewe na fimbo. Nilimfuata nikidhani ataniita nimtolee. Hakuniita. Alipiga goti, akamtoa wa kwanza, akamshika kwa mkono wa kushoto. Akaangalia mkono wa kulia. Akaunyanyua. Vidole viwili.

Sauti ile ile.

Kisha akanigeukia, uso wote unacheka, pande zote mbili. Miezi saba sijauona uso huo. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, nisiisikie tena sauti ile.

Jumatano, 18 Juni

Nimekula aluru. Nyama tamu. Mama Awuor aliniongezea wa pili akisema, "Leo hesabu mifupa." Tulicheka sote, mimi pia.

Nyasini Jumapili walikuwa wanaitika sita. Leo watatu. Kesho asubuhi, Baba akiwa bado anavaa, nitapita na kulegeza vitanzi.

Jumatatu, 23 Juni

Siku nne nimelegeza. Ndege wamekuja, wamekanyaga, wameondoka. Nimeona nyayo. Nilijiona mwerevu.

Baba haangalii tena nyasi. Hajanyoa ndevu tangu Ijumaa. Jana aliliacha tenga la pili likiwa nusu na leo mkono umerudi mapajani, pale pale. Nikamuuliza kuna nini. "Wamenikataa," alisema. "Kazi ya baba yangu imenikataa."

Nimemwibia. Sina neno lingine.

Alasiri nilikwenda nyasini nikavikaza vitanzi vyote. Nilivikaza vizuri. Ni yeye aliyenifundisha.

Jumatano, 2 Julai

Jike. Kitanzi cha msalaba wa nne, karibu na kichuguu. Baba alimtoa. Hakuangalia chini. Mimi niliangalia. Hatua mbili tu kutoka pale, shimo dogo kwenye nyasi, mayai saba. Niliyagusa. Yalikuwa baridi. Alinaswa tangu jana na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya jikoni nikiandika kuhusu mnana wanaosuka viota kwenye mgunga.

Msalaba wa nne nakumbuka nilivyouchora. Niliusogeza mara mbili ili uwe sahihi.

Wanaoitika: mmoja. Juu ya mlingoti yule dume bado anaita, anaita. Hajui anafanya kazi gani. Mimi nilijua.

Baba amemaliza tenga la pili. Anataka la tatu. Kikombe anakishika kwa mikono miwili, vifungo vinamtesa bado. Nikimwondolea aluru mkono utalala tena, nimekwisha kuona. Nisipomwondolea, nyasi zitanyamaza kabla ya mwezi kuisha. Nimezunguka hapo hapo siku nzima. Nimemkaripia Mama Awuor bila sababu. Aliniambia, "Mama, tafuta chai unywe."

Jumapili, 6 Julai

Ubaridi kidogo. Mawingu ya chini upande wa ziwa. Kwarara wawili walipita wakipiga kelele, kisha kimya.

Baba aliamka mapema akavaa mwenyewe. Vifungo vyote, kimoja kimeingia tundu lisilo lake. Akakaa nyuma ya jikoni kungoja wimbo. Alingoja sana. Nilimletea chai, nikakaa kwenye kiti changu, nikamwambia.

Nilimwambia kwamba vile vitanzi vilipokuwa vitupu, ni mimi niliyevilegeza. Kazi ya babu haikumkataa, wala ndege. Kwamba nilivikaza tena nilipoona mkono umelala, na jike akafa kwa hilo, na mayai yake saba. Kwamba jana alasiri, yeye akiwa amelala baada ya chakula, nilishusha tenga na kufungua mlango, na vitanzi nikavikata kwa wembe. Na kwamba nikija mwisho wa wiki nikakuta ndege juu, nitamfungulia tena, mchana, mbele yake. Matete nitaendelea kumkatia. Tenga lisukwe. Mlango sitauacha umefungwa.

 Alishika kikombe kwa mkono wa kulia peke yake. Kilitetemeka, chai ikamwagika kwenye suruali. Hakukiweka chini. Sikumsaidia. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya kiharusi.

Chai ilipokwisha aliuliza, "Alikwenda upande gani?"

"Kwenye mtama wa Mama Awuor. Chini chini, kama jiwe limetupwa."

"Aliita?"

"Hakuita."

Aliangalia mtama ule muda mrefu. Kisha aliniambia nimsogezee matete.

Sijui kama amenisamehe. Sikumuuliza. Kesho ninarudi kazini. Daftari namwachia yeye, na darubini. Ukurasa wa ramani haumo. Niliutia motoni jana, chini ya sufuria ya uji, kabla sijalishusha tenga.