Sote Hatujambo

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Kesho mwalimu anakagua mpango wangu wa anwani za kompyuta katika maabara ya mtandao. Kila chumba nimekipa fungu lake la anwani, vyumba vinne vikifuatana. Kisha nikaipunguzia kazi ruta, ile mashine inayoelekeza ujumbe: badala ya njia nne, nikaiandikia moja ya jumla, kwamba vyote vinne viko huku.

Leo nimetuma ujumbe chumba cha nne. Kimya. Kumbe waya wake umechomoka, na ruta bado inashikilia kwamba vyote vipo. Mwalimu akacheka: "Njia ya jumla haijui nani kaanguka, mwanangu."

Nikacheka naye, halafu nikazisoma tena barua zako. Dada, za karibuni zinasema "sote hatujambo," basi. Zamani mama alikuwa anakunyang'anya kalamu ili anigombeze pembeni mwa karatasi kwamba sili.

Safari hii usinijumlishie. Niandikie mmoja mmoja: wewe, shemeji, watoto. Mama mpe mstari wake.

Ni mimi mdogo wako, nimeshika simu na naogopa kupiga.