Uso Katikati ya Matete

Mlandege, Iringa
16 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu, shikamoo. Habari za hapo Madibira, na miguu inaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya Iringa mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa. Navaa sweta mbili na bado mwenye studio ananicheka kwamba Msukuma kaumbwa kwa ajili ya jua.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu hatuongei, tunalia, halafu mtandao unakata. Najua mwalimu Yohane wa kanisani ndiye atakayekusomea. Namsalimu sana.

Mama, nilipokuja Aprili baada ya mto kumchukua kaka Mwigulu, nilipiga picha pale kivukoni alipozama akivusha ng'ombe. Sikukwambia. Nilipiga matete na maji tu, hata sijui kwa nini. Hapa studio nimeipamba kwenye kompyuta, kama ninavyofanya zile picha za mawe na miti ambazo watu wananunua kupamba sebule. Nimeichapa kubwa na kumkabidhi kondakta wa basi. Nilitaka uweze kupatazama mahali pale bila kuogopa.

Wifi Ikupa anasema unaonja tu chakula na kurudisha sahani. Kula, mama. Msalimie yeye na mtoto wake.

Ni mimi bintiyo,
Yunisi


Madibira
7 Julai 2024

Mwanangu Yunisi,

Salamu nyingi. Huku tunaendelea, mpunga ambao mafuriko yaliubakiza tumeshauvuna. Anayeandika ni mwalimu Yohane, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyanyoosha.

Picha imefika. Yunisi, ulituma matete, amekuja mtu. Katikati kabisa, pale maji yanapokutana, Mwigulu yupo. Macho mawili, paji la uso, na kile kidevu chake chembamba. Ikupa alipomwona alikaa chini. Nikamwita jirani aone nisije nikawa nimechanganyikiwa, naye akaona, akaenda kuwaita wengine.

Tangu hapo nyumba haina nafasi. Wanakuja Wasukuma, wanakuja Wasangu, hata mama Tusajigwe amekuja, ambaye tulinuniana naye tangu ule ugomvi wa zamu za maji ya mfereji. Alikaa mpaka jioni. Ugali nakula sasa, maana mgeni hali peke yake.

Mwalimu anasema nisiseme sana, karatasi inaisha.

Mama yako


Mlandege, Iringa
21 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwamba unakula, hilo limenifurahisha mno, na kwamba umepatana na mama Tusajigwe, hilo hata sikulitarajia.

Kuhusu picha, sijui niseme nini. Nashukuru imekufariji. Kazi ni nyingi hapa, hoteli moja imetuagiza picha za ukutani, ndiyo maana naandika kwa kifupi. Je, baba mdogo Maganga ameshasema tutaanua matanga lini? Nataka niombe ruhusa mapema.

Bintiyo,
Yunisi


Madibira
18 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu. Miguu inauma kidogo, mengine salama.

Baba yako mdogo Maganga alikuja na wazee wanne. Wanasema kwa kuwa mwili haukupatikana, tuzike nguo zake, tumalize msiba. Walishapanga Jumamosi na mbuzi yuko tayari. Ikupa ndiye aliyetoa nguo, shati la kitenge na ile suruali ya kanisani, akaziweka mkekani amezikunja vizuri.

Nikazichukua nikarudisha ndani. Nikawaambia, "Hamuwezi kuzika nguo za mtu anayenitazama."

Maganga alikasirika. Anasema namfunga mtoto wa watu, kwamba kwao Tukuyu wanamsubiri Ikupa apumzike na mwanawe, na hawezi kuondoka msiba ukiwa wazi. Ikupa mwenyewe alikuwa anamnyonyesha mtoto. Mimi nimesema mpaka mto utakapomrudisha.

Watu bado wanakuja kuangalia picha. Uwe na amani.

Mama yako


Mlandege, Iringa
25 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Leo sitauliza habari nyingi, nikianza kuzunguka nitashindwa kusema.

Mwigulu hayupo kwenye picha ile. Mimi ndiye niliyeutengeneza ule uso, bila kujua. Nilichukua picha ya kivukoni, nikaikata katikati, nikatupa upande wa kushoto. Upande wa kulia nikaunakili, nikaugeuza kama mtu anavyogeuza shati, nikauunganisha na mwenzake. Ndiyo kazi yangu yote, mama, wala si kubwa. Kitu chochote ukikifanyia hivyo kinaota macho. Magome ya misonobari ya Mafinga yalinitolea mzee mwenye ndevu. Mwamba wa Gangilonga ulitoa bundi. Wateja wanapenda ndiyo maana tunauza.

Nilipaswa kukwambia Julai. Niliogopa utaacha kula tena. Nimeweka humu picha yenyewe kabla sijaigusa, uone kwamba ni matete tu na maji machafu.

Mwache Ikupa aende kwao. Na mimi nimechoka kungoja, mama. Kaka amekufa, na sijawahi kulisema hilo kwa sauti. Nataka tumlilie tumalize.

Nisamehe.

Bintiyo,
Yunisi


Mlandege, Iringa
13 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Wiki saba bila neno lako, na kimya kingi kina mshindo. Mtaani wanasema nimekonda.

Ikupa alinipigia akiwa Tukuyu. Amenieleza kwamba nguo zilizikwa mwezi wa tisa, wala hakuna aliyeniita. Amenieleza pia namna barua yangu ilivyosomwa. Kwamba siku ile nyumba ilikuwa imejaa, na mwalimu Yohane akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida, na alipofika kwenye shati lililogeuzwa hakujua asimame au aendelee, akaendelea. Kwamba watu waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Mama, najua siku zote kwamba barua zako zinasomwa na mtu mwingine, na mbele ya yeyote aliyepo. Siku nilipoandika ile nilisahau. Nilikuwa nakuona wewe tu. Nijibu hata kwa kunitukana.

Bintiyo,
Yunisi


Madibira
10 Novemba 2024

Yunisi,

Ninaandika mwenyewe. Nilisoma ngumbaru nikiwa binti. Mkono wangu ni mzito, leo ni siku ya tatu naandika hii. Mwalimu Yohane sijamwita.

Ninaumwa miguu tu.

Nilijua. Siku nilipofungua bahasha niliweka kiganja juu ya upande mmoja, uso ukapotea. Nikatoa kiganja, ukarudi. Nimevaa vitenge maisha yangu yote, ua likigeuzwa ninalijua.

Sikusema kwa sababu hii. Mwigulu alipokufa watu walikuja siku saba. Baadaye wakija walizungumza mpunga. Wakisikia jina lake wanatazama chini. Hata Ikupa aliacha kumtaja, alidhani ananihurumia.

Picha ilipokuja wakaanza kubishana. Huyu anasema pua ndiyo yake. Yule anasema hapana, pua ya Mwigulu ilipinda alipopigwa na ndama. Mama Tusajigwe akasema huyo ndama alikuwa wake. Walicheka. Kutwa nzima Mwigulu, Mwigulu. Mimi nilikuwa nasikiliza tu.

Nilimkosea Ikupa. Nimemtumia mchele na nimemwomba radhi.

Wewe hukukosea kusema kweli. Lakini uliniaibisha mbele ya watu, na imeniuma. Sasa nimeshakwambia, yameisha.

Nguo tumezika. Matanga yameanuliwa. Hakuna anayekuja. Hapa nyumbani ni mimi na kuku, na tangu mwezi wa tisa sijasikia mtu akisema Mwigulu.

Usitume picha. Niandikie habari zake, zile mlizokuwa mnanificha mkiwa wadogo. Taja jina lake mara nyingi. Andika kwa herufi kubwa, nitasoma mwenyewe.

Mama yako