Neno Moja la Kizungu na Majembe ya Kyuso

Mwaitu mpenzi,

Hamjambo huko Mbooni? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Mimi mzima, Mama, ila viganja vimejaa malengelenge, na leo nimecheka mpaka hedimasta akaniuliza kama nimeshikwa na malaria.

Inspekta amekuja! Yule yule aliyeniambia muhula uliopita kwamba nisipojua kufundisha atanirudisha nyumbani. Sikukuandikia hilo, ungekosa usingizi.

Shida yangu ilikuwa neno la Kiingereza, "take". Wee! Neno hilo halina haya. Kunywa chai, ni hilo. Kupanda basi, hilo. Kupiga picha, hilo. Kufanana na babako, kuvua koti, hilo hilo tu! Nilijaza ubao mzima, darasa la sita wakakariri, kesho yake wakasahau. Mumbua, msichana mmoja mwenye mdomo, akaniuliza, "Mwalimu, kwani Wazungu waliishiwa na maneno?"

Basi leo asubuhi wazazi wa hapa Kyuso walikuja kuchimba mitaro ya shamba la shule. Ni mwethya kama ya huko kwetu, watu kwa mstari na wimbo. Mamake Mumbua ndiye huongoza. Yeye anaita, mstari unaitikia, majembe yanashuka pamoja. Nikatoa darasa langu nje, nikamwomba aite zile maana zangu za "take". Akaita kwa Kikamba, "Anafanana na babake!" Watoto wakaitikia, jembe chini, "He takes after his father!" Hata wazee ambao hawajawahi kukalia dawati wakashika, haki ya Mungu.

Nilikuwa sina viatu, vumbi mpaka kwenye kope, nikamwona inspekta amesimama mwisho wa mstari. Tulikuwa tunamngoja Alhamisi. Darasa tupu, mwalimu ana jembe. Nikajua nimekwisha.

Mamake Mumbua hakumjua, na angemjua ingekuwa vile vile. Akamnyooshea jembe. "Baba, mwethya haipitwi mikono mitupu." Mzee akatutazama sote tuliosimama kumngoja, akaanza kuvua koti. Mumbua naye akapaza sauti bila kuulizwa, "He is taking off his coat!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mzee alicheka, akachimba mpaka mtaro ukaisha, akiitikia kutushinda sote. Kisha akauliza watoto maswali pale pale shambani, mmoja mmoja. Aliyekosa ni mimi peke yangu. Aliniuliza maana moja ambayo sijawahi kuisikia.

Akasaini fomu yangu kwa mikono yenye udongo. Kazi ni yangu, Mama. Nimefurahi, siwezi hata kukaa chini.

Nisalimie dada Kavinya na mtoto wake mchanga ambaye bado sijamwona. Nisalimie pia mjomba, yule aliyesema ualimu si kazi ya waoga. Mwambie nilikuwa naogopa kweli kweli, na wameniacha nibaki.

Mwanao akupendaye sana,
Mwalimu Mutisya