Nilisema Yupo

Jumamosi, mwezi wa pili, 2016. Whitehall.

Theluji ya juzi imegeuka matope ya kijivu mbele ya mlango, na mimi tangu asubuhi nafagia palepale. Mume wangu, Baba Furaha, ananitazama na kutikisa kichwa. Jumamosi ijayo tunahamia Buffalo, donc, basi namfagilia nani? Sijui. Mikono inataka kazi.

Leo ni siku ya kumi na moja. Nikisikia hatua kwenye ngazi za nje nadhani Elvira anarudi kutoka kazini. Hupanda polepole, kidato cha tatu kinalia, halafu anakohoa kidogo. Leo nimekisikia kikohozi kile mara mbili. Nimefungua mlango mara mbili. Hakuna mtu.

Nimemwambia mtu mmoja tu, dada yangu Riziki, aliyebaki Newburg kule Louisville. Hapa kwenye blogu naandika kwa sababu wasomaji wangu ni wachache, na wengi wenu mnakuja kutafuta namna ya kupika sombe, yaani kisamvu, ya friza. Leo hakuna sombe. Nisameheni.

Elvira ni jirani yetu wa juu. Anaishi na binti yake Dania, wa miaka kumi na saba. Siku ya kwanza nilipomwona kwenye ngazi, mweusi kunishinda, kitambaa kichwani, nilimrukia kwa furaha: "Jambo mama! Unatoka Uvira ao Bukavu?" Akanijibu kwa Kihispania. Nikasema moyoni, haya, huyu ni Mkongo anayejidai, ameona Amerika amesahau kwao. Nikamnunia wiki mbili nzima! Ni binti yangu Furaha aliyenicheka hadi machozi, akanieleza kwa Kiingereza chake kwamba yule mama ni Mlatino wa Honduras, na kwamba pwani ya kwao wamejaa weusi kama sisi. Nilipanda juu na bakuli la ndizi za kukaanga, kuomba msamaha wa kosa ambalo hata hakulijua.

Bakuli lile la bluu lenye mfuniko alilirudisha limeoshwa, linang'aa, tupu. Nikamfundisha kwa ishara za mikono: kwetu ukiletewa chakula, chombo unakirudisha na kitu ndani, hata chumvi. Alicheka sana. Tangu siku hiyo bakuli halikupumzika. Sombe ilipanda, maharage yake ya nazi yakashuka.

Jioni za kiangazi tulikuwa tunakaa kwenye ngazi, yeye na Kiingereza chake kibovu, mimi na changu kibovu zaidi, tunawasema mabinti. Yeye anaita kwa Kihispania, Dania anajibu Kiingereza. Mimi naita kwa Kiswahili, Furaha anajibu Kiingereza. Shuleni Walatino wanamwambia Dania yeye ni mweusi, na weusi wanamwambia ni Mlatino. Akipewa fomu ya kujaza yeye ni nani, anajaza kufuatana na alivyoamka siku hiyo. Elvira alikuwa akilisimulia hilo huku anacheka.

Siku moja aliniambia hana karatasi za kuishi nchi hii. Aliniambia mimi, kwenye ngazi zile. Nilijua. Siwezi kujificha nyuma ya kutojua.

Bon, haya. Jumanne ile.

Asubuhi, Furaha yuko shule, Baba Furaha yuko ghalani kazini, mlango unagongwa. Wanaume wawili wa jaketi nyeusi, wapole, mmoja ameshika karatasi yenye orodha. Akasoma jina la Elvira, jina zima, kama tulivyokuwa tukisomwa sisi.

Mtu ambaye hajakaa kambini hataelewa. Sisi tulikaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka kumi na sita. Mwenye orodha alipokuja kutuhesabu, jina lako likisomwa usipoitika, linakatwa, na likikatwa huna unga, huna mafuta, huna safari ya Amerika. Basi majirani tulikuwa tunaitikiana. "Yupo! Ameenda kuni, saa tatu atarudi!" Hata mama yangu, siku aliyolazwa zahanati, jina lake liliokolewa na jirani aliyepiga kelele kwamba yupo. Kumwitikia mwenzako ndiyo ilikuwa adabu ya kwanza. Aliyenyamaza jina la jirani likisomwa, tulimjua ni mtu wa roho mbaya.

Nikasema yupo.

Nikasema anaishi juu, watu wawili, yeye na binti. Nikasema yuko kazi ya usiku, kusafisha maofisi, saa tatu atarudi. Hawakuwa wameuliza saa! Niliwapa mwenyewe, bure, kwa kiherehere changu. Wakanishukuru. Na niseme ukweli wote: nilipofunga mlango nilijisifu. Niliona Kiingereza changu leo kimenyooka.

Saa tatu nilikuwa dirishani namimina chai. Elvira akashuka kwenye basi. Wale wawili, kumbe watu wa uhamiaji, wakatoka kwenye gari. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliangalia juu kwenye dirisha lake, kisha akaangalia chini kwenye langu. Mimi nikarudi nyuma, nikasimama ukutani na birika mkononi hadi gari likaondoka naye.

Nilirudi nyuma. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Tulipofikia Louisville kwanza, walitufundisha mengi: kuwasha jiko, kufunga mkanda, kupiga simu moto ukiwaka. Hakuna aliyetufundisha kwamba iko nchi ambayo jirani mwema ndiye anayenyamaza. Au ilibidi nijue mwenyewe? Alishaniambia hana karatasi.

Riziki kwenye simu alisema, "We nyamaza. Wahi Buffalo, yaishe." Huko Buffalo shemeji yangu ametutafutia nyumba Riverside, karibu na mto, na kwa siku kumi nimeufikiria mto huo kuliko ninavyomfikiria Mungu. Niliona nikifika huko sitasikia tena kidato cha tatu.

Leo mchana mlango umegongwa. Nimeganda jikoni. Furaha ndiye aliyefungua.

Alikuwa Dania, amekonda, amelishika bakuli la bluu kwa mikono miwili. Mama yake mdogo amekuja kutoka Houston kukaa naye. Akaongea Kiingereza na Furaha, na Furaha akageuka kwangu: mama yake amepiga simu kutoka kule walikomfunga. Amemwagiza arudishe bakuli kabla hatujahama, na asilirudishe tupu, kwa sababu ndiyo desturi yetu.

Nimefunua. Maharage ya nazi, bado yana moto.

Nikaona nisiposema sasa, nitakwenda kuzikwa nalo Buffalo. Nikamwambia Furaha, "Mwambie ni mimi. Wale watu waliuliza, na mimi nikawaambia yupo, nikawaambia na saa."

Furaha alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Ana miaka kumi na miwili. Kisha akamgeukia Dania akasema, kwa Kiingereza kizuri, kwamba mama anasikitika sana na anawaombea.

Kiingereza changu ni kibovu lakini hicho nilikielewa. Mwanangu alikuwa ananificha. Alikuwa ananifanyia mimi kile ambacho mimi sikumfanyia Elvira.

Nikaweka bakuli chini. Nikasema mwenyewe, kwa maneno yangu yaliyovunjika, nikijigonga kifuani: mimi, mimi niliwaambia, mimi nilisema saa tatu.

Dania hakulia. Alisema maneno machache, akatoka kibarazani, nikamsikia anapanda ngazi. Furaha akafunga mlango, akanitafsiria kwa Kiswahili, Kiswahili ambacho sijakisikia mdomoni mwake mwaka mzima.

"Anasema wanajua, Mama. Wale watu walimwambia mama yake siku ileile kwamba jirani wa chini ndiye aliyesema. Anajua tangu siku ileile."

Alijua, na akaagiza lisirudi tupu.

Bakuli liko mezani sasa. Baba Furaha amekula, Furaha amekula, mimi sijagusa. Sijui kama yale maharage ni msamaha au ni hukumu, na Elvira hayupo nimuulize. Labda hata yeye hajui.

Kesho ni Jumapili. Nitapika sombe, nilijaze bakuli lilelile, nipande. Nitamwuliza mama yake mdogo wanahitaji nini wiki hii, kabla ya mambo ya Buffalo, na Baba Furaha akasirike akitaka. Nitagonga mwenyewe. Wakiuliza ni nani, nitataja jina langu lote, nisimame pale mlangoni, nisirudi nyuma.