Ramani iliyomeza kabichi za Mama Theresia

Hafidha, acha kila kitu unisikilize. Nimeaibika mbele ya kijiji kizima.

Unaikumbuka ramani ya mashamba ya Mgeta, kazi yangu ya masomo ya jioni? Faili lilikuwa zito, kompyuta ikagoma. Nikasali rozari nzima lipungue, nikalihifadhi kwa JPEG kama picha za harusi. Likapungua! Nikatoa na ushuhuda jumuiyani.

Leo ramani hiyo ikatumika kwenye mkutano wa mpaka wa msitu, na mashamba yote ya pembeni yakasomeka kama msitu. Yote! Kumbe JPEG hukoroga rangi zinazopakana, na programu ya ramani hutambua shamba kwa rangi yake. Hongera msomi mimi.

Mama Theresia akasimama: "Mwanangu, kwa hiyo mimi nalima kabichi msituni? Ndiyo elimu ya jioni hiyo? Kasome mchana basi!"

Kabichi msituni, Hafidha!

Bwana misitu alishashika kalamu asaini mpaka huo. Nikamnyang'anya karatasi. Mimi, kiongozi wa jumuiya, nimemnyang'anya mtu wa serikali!

Mwalimu Luqmani wa masomo ya jioni anasema nirudie faili la mwanzo nilihifadhi kwa TIFF, inabana bila kugusa rangi. Tunarudi mkutanoni kesho. Mama Theresia kaahidi kuniombea, ila safari hii atamtajia Mungu aina ya faili yeye mwenyewe.