Visigino vya Naserian

Jumanne jioni, Karatu

Vimegusa chini. Vyote viwili, kwenye sakafu ya hospitali.

Tangu aanze kutembea, binti yangu amekuwa akichuchumia, kama anayechungulia juu ya ukuta. Kule nyumbani Nainokanoka kila mtu alisema ataacha mwenyewe. Ametimiza miaka sita, hajaacha, na wenzake wakikimbia yeye anaanguka.

Mtaalamu wa viungo alimpima kwanza misuli na mishipa ya fahamu, hakuona ugonjwa mwingine. Mshipa wa nyuma ya kisigino ndio uliokaza. Akamfunga hogo, plasta ngumu, miguu yote miwili, akawa analibadilisha ili mshipa uvutike polepole. Leo wameondoa la mwisho.

Mama mkwe aliniudhi tangu asubuhi kwa kunung'unika kwamba tunamfunga mtoto kama ndama. Lakini Naserian aliposimama, bibi huyo huyo akapiga magoti, akajaribu kupitisha kidole chini ya kisigino. Hakikupita.

"Koko, unanitekenya," mtoto akamwambia bibi yake.

Mama mkwe akaniangalia. "Ulifanya vizuri kumleta, mama Naserian. Mimi ningengoja tu."

Bado naogopa. Tumeambiwa tusipomnyoosha miguu kila siku, hali inaweza kurudi, na nyumbani kazi ni nyingi, sijui kama nita...

Hapa kwa dada yangu, tunakolala leo, bibi ameipakata miguu ya mjukuu wake, anainyoosha taratibu kama alivyoonyeshwa. Sijamwomba. Asante, Mungu wangu.