Saa Kumi na Sita kutoka Kuala Lumpur

Kyebando, Kampala
Ijumaa asubuhi

Mdogo wangu Nasif,

Watu wengi hukosea kudhani kwamba aliye mbali zaidi ndiye atakayechelewa zaidi kufika. Nitakueleza, lakini kwanza pokea salamu zangu. Hujambo? Afya yako je? Sisi tuliobaki ni wazima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu Mama atutoke Jumanne.

Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja, basi nivumilie. Entebbe na Kuala Lumpur zote ziko jirani na ikweta, zimeachana digrii sitini na tisa. Kila digrii ni kilomita mia na kumi na moja, kwa hiyo ni kama kilomita elfu saba na mia saba. Ndege ya moja kwa moja ingetumia saa tisa. Kwa kuwa lazima ubadilishe ndege Dubai, hesabu kumi na sita.

Nilipokupigia Jumanne jioni ulilia, ukasema uko uwanja wa ndege wa huko, unapanda sasa hivi, kesho adhuhuri utakuwa nyumbani, na tusimshushe Mama kaburini bila mkono wako. Hesabu ilikubali. Nikawaambia watu tungoje.

Dada yetu Faridah alinijia juu, akauliza tangu lini maiti ya Wanubi Waislamu kama sisi ikamngoja mtu wa ndege. Sheikh Kamis akasema kwa upole kwamba tunamchelewesha mama wa watu. Nikawashikilia hadi alasiri ya Jumatano, kila gari likisimama barabarani natoka nje. Mwishowe nilishuka kaburini mwenyewe, na magoti haya.

Jana Atoo, muuza samaki, alikuja kutupa pole. Akashangaa kwamba hakukuona msibani, na wewe hununua sangara kwake Ggaba, hapa hapa Kampala kando ya ziwa, kila Jumamosi tangu mwaka jana. Faridah akacheka kwa hasira, akasema kumbe ndege yako ilikwama kwenye foleni ya Ggaba.

Sasa nikuambie nisichomwambia Faridah. Ulipokuwa ukilia kwenye simu, nyuma ya sauti yako muadhini aliadhini magharibi, na wetu wa hapa akaadhini dakika ile ile. Kuala Lumpur imetutangulia kwa saa tano. Huko ilikuwa saa sita ya usiku. Kwa hiyo nilijua, Nasif. Nilijua uko karibu, na bado nikamngojesha Mama, nikawadanganya jamaa kwa jina lako. Niliamini utaingia adhuhuri na begi tupu, nami ningelipokea mlangoni kana kwamba limetoka Malaysia. Kama kazi ya huko iliisha, ningekusitiri. Safari uliyoshindwa ni ya kilomita kumi na tano.

Barua hii anakuletea Atoo leo hii, anasema anapajua unapokaa. Wanangu wanakusalimu sana. Faridah bado hajaamua.

Ni mimi kaka yako,
Ramathan

Leo, ukishaswali Ijumaa, panda teksi uje Kyebando nikupeleke kaburini kwa Mama.